Kubadilisha tairi la pikipiki nyumbani: anza na mtaro wa rimu

Mdogo wangu uliyenunua pikipiki juzi, nitakueleza tairi la nyuma tu. Ndilo linalobeba mzigo, ndilo linaloisha mapema, na ukilimudu hilo la mbele halitakusumbua.

Mara ya kwanza kubadilisha tairi peke yangu nilikuwa Kilosa, pikipiki nikiitumia kwendea shamba. Siku hiyo niliharibu tyubu mpya mbili. Hazikuchomwa na mwiba wala msumari, nilizibana mwenyewe kwa bisibisi nikilazimisha tairi liingie. Jioni akapita mzee mmoja fundi pancha, akachuchumaa, akanionyesha kitu kimoja: mtaro ulio katikati ya rimu.

Uangalie ukishaitoa tairi. Rimu imebonyea katikati, kandokando imeinuka. Ukingo wa tairi nao una waya wa chuma ndani yake, hauvutiki hata ufanyeje. Ili ukingo wa upande huu uvuke rimu, upande wa pili lazima uwe umezama kwenye ule mtaro, hapo ndipo unapopata nafasi. Kwa hiyo huku ukiinua kwa chuma, kule unakandamiza kwa goti. Ukijiona unatoka jasho kama mtu anayebeba gunia, simama: upande wa pili umeshatoka mtaroni. Urudishe, kisha uendelee kidogo kidogo.

Kabla ya kununua tairi, soma ubavu wa lile la zamani. Pikipiki nyingi za Boxer nyuma huvaa 3.00-17, yaani upana inchi 3 na rimu ya kipenyo cha inchi 17. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi lililoning'inia juani mbele ya duka miaka mingi ni gumu na lina nyufa ndogondogo, hata kama halijawahi kugusa barabara. Usilichukue kwa sababu ya bei.

Andaa vyuma viwili au vitatu bapa vya kutolea tairi, spana zinazoingia sawasawa kwenye nati za ekseli, pampu, maji ya sabuni na gunia la kutandika chini. Bisibisi iache ndani. Oili na grisi pia usizisogeze karibu, maana zinaharibu mpira na kulifanya tairi liteleze kwenye rimu.

Nati ya ekseli ilegeze pikipiki ikiwa bado imekaa chini, ndipo uipandishe kwenye stendi kubwa. Fungua fimbo ya breki na mkono unaoshikilia sahani ya breki, vuta ekseli, sukuma gurudumu mbele kidogo, toa mnyororo. Kila kipande unachotoa kipange chini kwa mfuatano wake. Zile bushi za pembeni, vibomba vifupi vinavyovaa ekseli, zikibadilishana nafasi, gurudumu litakaa upande.

Toa upepo wote, chomoa sindano ya valvu, fungua na nati yake. Kanyaga tairi pande zote mbili mpaka liachie rimu. Paka sabuni, anza kuinua karibu na valvu.

Tyubu ikitoka, pitisha kitambaa taratibu ndani ya tairi kama unarudisha lile lile. Mwiba uliotoboa tyubu mara nyingi bado umo. Kagua pia mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Ukichanika, spoki itatoboa tyubu mpya ndani ya siku chache, nawe utailaumu barabara.

Wakati wa kurudisha, mshale ulio ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Tia tyubu upepo kidogo, iwe na umbo tu, isijikunje wala isikae chini ya chuma. Anzia upande ulio mbali na valvu, umalizie kwenye valvu. Ukimalizia kwingine, valvu inazuia ukingo usizame mtaroni, na hapo ndipo tyubu zangu mbili zilipobanwa.

Jaza upepo huku ukitazama ule mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu. Uwe na umbali sawa kila mahali. Ukizama sehemu moja, punguza upepo, ongeza sabuni, jaza tena. Kipimo kimeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Pikipiki ndogo nyingi nyuma huchukua psi 28 (psi ni kipimo cha upepo) ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria.

Ukifunga gurudumu, linganisha alama za kushoto na kulia kwenye uma wa nyuma, yaani vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu, pima ulegevu wa mnyororo, rudisha pini inayozuia nati ya ekseli isilegee, na kanyaga breki mara kadhaa kabla hujapanda. Ule mkono wa sahani ya breki usipofungwa, sahani itazunguka na gurudumu litakamata ghafla. Urudie kuukagua kwa mkono.

Tairi jipya linateleza, kona za siku za kwanza zikate polepole. Ukirudi safari ya kwanza, kaza tena nati na utazame valvu. Ikiwa imeinama, tairi linateleza juu ya rimu na linaburuta tyubu: toa upepo, inyooshe, jaza upya.