Pile za baba na wimbo nilioupenda kimakosa

Mwaka jana niliutafuta kwenye simu wimbo wa utoto wangu, rumba ya Kilingala ambayo baba alikuwa akiipiga kila Jumapili uani kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Nilipoupata, sikuupenda. Waimbaji walikuwa na sauti za juu kama watoto wa kwaya, na gitaa lilikimbia kana kwamba limechelewa mazishi. Nikatafuta toleo jingine: yale yale. Ndipo nikakumbuka pile, yaani betri.

Radio-kaseti yetu ilikula pile sita kubwa. Miaka ile baba alikuwa akimaliza miezi bila mshahara, na pile mpya hazikuwemo kwenye hesabu ya mtu yeyote nyumbani. Zile zilizokufa tulizianika juani, kando ya mihogo ya mama, mpaka zikapata nguvu ya wimbo mmoja na nusu. Mota ikichoka, utepe hupita polepole, na sauti hushuka pamoja na mwendo. Mwendo ukipungua kwa asilimia 6 hivi, wimbo mzima umeshuka nusu toni. Wetu ulikuwa umeshuka karibu toni nzima. Ule uzito niliouita huzuni ya mwimbaji, ulionitoa machozi nikiwa na miaka tisa, ulikuwa uchovu wa mota.

Kwa hiyo ukitaka kuuchambua wimbo unaoupenda, anza kwa kutenganisha vitu vitatu: kilichomo kwenye wimbo wenyewe, kilicholetwa na mashine au mahali ulipousikia, na ulichokileta wewe. Usitupe hata kimoja. Jua tu kipi ni kipi.

Mara ya kwanza mimi huyaacha maneno kabisa. Nashika chombo kimoja na kukifuata mwanzo hadi mwisho, hata kikijificha. Kwenye rumba yetu ni rahisi kuvutwa na gitaa la solo, kwa sababu ndilo linalojitapa. Lifuate besi kwanza. Kisha tafuta mi-solo, gitaa lile linalokaa katikati ya akompanyema, gitaa la kusindikiza, na solo, ambalo wengi hucheza nalo maisha yao yote bila kujua lipo. Nilipolipata kwenye wimbo wa baba nilirudi nyuma mara nane, jioni nzima, bukari, ugali wetu, ikapoa mezani na mke wangu akaacha kuniita.

Andika na dakika. Sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, inaanza dakika ya ngapi? Neno la mwisho kuimbwa kabla yake ni lipi? Hapo, kwa maoni yangu, ndipo wimbo husema siri yake: mwimbaji amefika mahali maneno yamemwishia, magitaa yanamalizia. Kwenye wimbo wangu sebene inaingia dakika ya tatu na nusu, na neno la mwisho kabla yake ni kuomba kungojewa.

Kama sikio bado linachanganya sauti, lizoeze kwa kitu chepesi. Kwetu huku tuna bahati. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Likasi ya leo, akiwa na gitaa moja tu. Sikiliza "Masanga" utaapa wapo wawili. Ni mtu mmoja: kidole gumba kinatunza nyuzi nene za chini, cha shahada kinaimba juu. Funga macho ufuate kidole gumba peke yake. Ukiweza dakika mbili bila kupotea, rudi kwenye wimbo wako.

Maneno yaje mwisho, na usiyatafute kwenye intaneti tu. Miaka yote niliamini kiitikio chetu ni mtoto anamuaga mama yake, kwa sababu nilisikia "mama" na Kilingala changu ni cha barabarani. Mzee mmoja wa Kamalondo, mtaa mwingine wa Lubumbashi, aliyewahi kupiga gitaa kwenye baa za huko, alinisikiliza nikikiimba, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, huyu analia deni." Mwanamume anambembeleza mama mwenye nyumba asimtoe, angoje mwisho wa mwezi. Hata vichekesho vimo, kuna ubeti mzima wa kusifia mandazi ya yule mama ili moyo wake ulainike.

Nikadhani nimefumbua fumbo: baba asiye na mshahara, wimbo wa kodi ya nyumba. Nikamuuliza. Akasema alipenda gitaa, na kwamba kaseti zilikuwa mbili tu, nyingine ya mahubiri. Basi hilo la mshahara nalo ni la kwangu; nimeliandika kwenye daftari langu safu ya tatu, na halijanipungukia thamani.

Jambo moja zaidi lilibaki. Kuna programu za simu zinazoweza kupunguza mwendo wa wimbo na kuiacha sauti ishuke nao. Nikaushusha wetu kwa asilimia 11, nikaunganisha na spika ndogo, nikaiweka uani baba akiwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua mpaka mwisho wa ubeti wa kwanza. Kisha akainua kichwa, akaitazama ile spika kwa mashaka.

"Pile iko naisha," akasema.