Pesa Zikusanye Ukiwa Bado Mombasa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Likoni aliniandikia: "Kaka, nami nataka kupanda mlima nichangishe pesa za watoto wagonjwa. Ninunue viatu gani?" Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikakosa raha. Mimi pia nilianza na viatu, na vilinigharimu.

Mwaka juzi nilitangaza kwamba nitapanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, tupate viti vya magurudumu vya watoto wa kitengo maalumu katika shule moja ya huku kwetu. Kuna mama wa Timbwani aliyekuwa akimbeba mwanawe wa miaka 11 mgongoni kila asubuhi. Siku nilipomwona akishuka naye kwenye matatu, usingizi ulinipaa. Nikafungua kundi la WhatsApp, ahadi zikamiminika. "Ukifika kileleni, elfu kumi yangu hii." "Tuma picha, nami natuma elfu tano." Zikafika shilingi 300,000. Nikaona iliyobaki ni kazi ya miguu.

Miguu niliiandaa, wallahi. Kila baada ya swala ya alfajiri nilipanda na kushuka ngazi za jengo la ghorofa kumi, mgongoni mkoba wa chupa za maji. Jumapili nilitembea mchangani kutoka Nyali hadi Bamburi. Lakini sisi ni watu wa usawa wa bahari, na hakuna ngazi ya Mombasa itakayomzoesha mtu hewa nyepesi. Kwa kubana siku za likizo nikapita njia ya Naro Moru: usiku wa kwanza nikalala mita 3,050, wa pili mita 4,200. Kichwa kikatwangwa kama kinu. Nikatapika chai, nikatapika maji. Saa nane za usiku mwongozaji akanimulika tochi, akaniuliza jina la mamangu. Nikachelewa kujibu. "Tunashuka," akasema. Nilimsihi huku nalia, na hakunisikiliza. Alifanya haki: ugonjwa wa mwinuko ukifika kwenye ubongo au mapafu huua, na tiba ya kwanza ni kushuka.

Kilichoniuma zaidi kilinisubiri nyumbani. Katika ile 300,000 ziliingia 61,000. Ahadi ni deni, tumefundishwa tangu chuoni, lakini watu waliniambia wazi: hukufika. Mmoja, mtu tuliyekula naye sahani moja, aliandika kundini kwamba nimekwenda kutalii kwa jina la walemavu. Nauli, ada ya hifadhi, mwongozaji na wapagazi, vyote nililipa kwa mshahara wangu. Sikumjibu, na hadi leo nikimwona msikitini moyo hunisokota. Pesa zile zilitosha kiti kimoja. Kilikwenda kwa mtoto mwenye hali ngumu kuliko wa Timbwani, na mama yule akaendelea kubeba.

Basi mwaka huu nilikusanya kwanza. Sikuomba ahadi. Nilizunguka barazani na madukani na bei ya kiti kimoja, shilingi 42,500, nikisema: toa leo, nifike au nisifike. Pesa zilikaa kwenye akaunti ya watu wawili wa kutia saini, mimi simo. Kila jioni orodha ya waliotoa iliwekwa kundini, hata mwenye shilingi 50. Siku ninayopanda treni Miritini, 340,000 zilikuwa zimeshaingia na viti vinane vimeshaagizwa.

Mlima wenyewe sitausimulia sana. Tulipita njia ya Sirimon, tukalala siku mbili kambi ya Old Moses na mbili kambi ya Shipton's ili mwili uzoee. Lenana nilifika alfajiri, vidole vimekufa ganzi. Nilisujudu juu ya jiwe, na nilikuwa simdai mtu.

Ndugu zangu, anayechangisha amebeba amana. Gharama ya safari yako ilipe mwenyewe, na uwaambie watu hivyo kabla hawajakuuliza. Usimfunge mtoto mgonjwa kwenye mapafu yako. Ukiwa na siku nne tu za likizo, ngoja upate saba. Na pesa zichange kabla hujaondoka. Nitalirudia hili hadi nichoshe watu.

Dada yangu wa Likoni, viatu nunua mapema, uvivae miezi miwili vikuzoee. Koti zito katafute kwenye mitumba ya Kongowea, huku pwani ni wachache wanaoyagombania. Au usinunue, nitakuazima langu. Yule mama wa Timbwani amepata kiti Alhamisi, na mwanawe alikataa kusukumwa, akazungusha magurudumu mwenyewe hadi langoni. Watafute wako wawili wa kutia saini, halafu niandikie tena.