Shilingi: ya Mwingereza au ya Mjerumani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimebishana na baba mkwe. Yeye anasema neno "shilingi" tuliachiwa na Wajerumani, sawa na "hela". Mimi nasema ni la Waingereza. Nani kakosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kwa kuangalia mlango lililoingilia, umeshinda wewe. Wajerumani walipotawala Tanganyika fedha yao ilikuwa rupia. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64, na kuanzia 1904 ikawa heller 100. Heller hiyo ndiyo hela yetu, na jina lake limetoka mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ilikotengenezwa tangu zama za kati. Shilingi ilikuja na Waingereza mwaka 1922, baada ya fedha iliyoitwa florini, iliyodumu muda mfupi tu. Ulimi wetu ukaipachika irabu mwishoni, ikatulia kwenye ngeli ya i-zi.

Lakini usimcheke mkweo bado. Waingereza hawakulibuni neno hilo, wamelirithi pamoja na ndugu zao. Wajerumani husema Schilling, Waholanzi schelling, na watu wa Denmark na Norwe walihesabu skilling hadi miaka ya 1870 walipohamia krona; Waswidi nao waliihesabu hadi 1855. Austria ilikuwa na Schilling yake mpaka noti za euro zilipoingia mwaka 2002. Hata Wagothi, watu wa kale wa jamii ya Kijerumani ambao lugha yao ilishakufa, walikuwa nalo: katika hati ya mwaka 551 ya Ravenna, Italia, makasisi wao wanakiri kupokea shilingi 60 kwa kuuza ardhi ya kinamasi.

Shilingi hiyo ya Wagothi ilikuwa sarafu ya dhahabu ya Kirumi iliyopewa jina la kwao. Kwa Waingereza wa kale mambo yalikuwa ya ajabu zaidi, maana shilingi ilihesabiwa karne nyingi bila kuwapo sarafu ya jina hilo. Sheria za mfalme Æthelberht wa Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, za mnamo mwaka 600, zinataja fidia ya kukatwa kidole gumba kuwa shilingi 20, na jino la mbele shilingi 6. Sarafu yenyewe ilisubiri hadi enzi za mfalme Henry VII, mwishoni mwa karne ya 15.

Maana ya asili ina wagombea watatu. Kuna wanaolitoa kwenye mzizi wa kulia, kwa ule mlio wa sarafu ikianguka sakafuni. Wengine wanalihusisha na ngao. Wengine tena na mzizi wa kukata au kupasua, na mimi naegemea huko, kwa sababu kabla ya kuwa na sarafu zao watu hao walilipana kwa pete na vipande vya dhahabu vilivyokatwa na kupimwa. Sauti ya mlio inavutia, sikatai, ila kipande unaweza kukiweka kwenye mizani.

Kuhusu "hela", baba mkwe yuko sahihi kabisa. Mwambie hivyo kwanza.