Pasaka kwa wakwe Ujerumani

Dada, umeuliza ubebe nini ukienda kwa wakwe Ujerumani wiki ya Pasaka. Viatu vya kutembelea, tena visivyoingiza maji! Baada ya mlo wa mchana familia nzima hutoka kutembea, iwe jua iwe manyunyu, na hali ya hewa ya huko msimu huu haiaminiki. Alhamisi Kuu wengi hula spinachi, viazi na mayai. Ijumaa Kuu samaki. Jumapili watoto husaka mayai bustanini, kisha kuna mkate mtamu wa kusukwa na mara nyingi nyama ya mwanakondoo. Zawadi nunua mapema, maana Ijumaa, Jumapili na Jumatatu maduka hufungwa. Kama wako kaskazini, omba wakupeleke kwenye moto mkubwa wa Jumamosi usiku. Mimi huo naupenda kuliko chakula chote.