Ile 30,000 ya mkopo wa nyumba

Dada, umeambiwa ukiwa na mkopo wa nyumba Kenya utarudishiwa shilingi elfu 30 kila mwezi? Hapana, hiyo si pesa utakayorudishiwa. Ni sehemu ya mshahara wako wa mwezi, isiyozidi 30,000, ambayo KRA (mamlaka ya ushuru ya Kenya) hawaitozi ushuru kwa sababu inalipa riba ya mkopo wa nyumba. Kiwango hicho, yaani 360,000 kwa mwaka, kilianza 27 Desemba 2024. Awali kilikuwa 300,000.

Tuseme riba yako mwezi huu ni 45,000. Inayohesabiwa ni 30,000 tu. Kama sehemu hiyo ya mshahara ingekatwa ushuru wa asilimia 30, ushuru wako unapungua kwa 9,000. Basi. Wauza nyumba hupenda kuitaja ile 30,000 kwa sauti, hii 9,000 wakaimeza.

Tena ni riba pekee, si mkopo wenyewe, na ni nyumba moja unayoishi. Ya kupangisha haimo kwenye nafuu hii. Omba benki cheti cha riba, ukipeleke kwa wanaotengeneza mishahara kazini kwenu. Wasipokuhesabia, idai nafuu hiyo mwenyewe kwenye iTax, tovuti ya KRA, ukijaza ritani (taarifa ya mapato na ushuru wako) ya mwaka huo, na cheti ukiweke karibu.