Usihesabu yadi za mkongwe, hesabu mabeki wanaotumwa kumkaba

Wakuu, salaam. Mleta mada ameuliza hivi: timu ya NFL (ligi ya futiboli ya Marekani) ambayo mashambulizi yake yanasuasua, ikimleta mpokeaji nyota, yaani mdakaji wa pasi, aliyevuka miaka 30, itaanza kufunga? Waliotangulia kujibu wamegawanyika. Wengine wanamtaja Randy Moss kama aliyefaulu, wengine Julio Jones kama aliyeshindwa, na kila upande unaona umemaliza kazi. Mimi naishi Nashville tangu nikiwa kijana wa sekondari. Nimekuwa shabiki wa Titans, timu ya NFL ya hapa, muda wote huo, nilicheza nafasi hiyo ya mpokeaji shuleni, na sasa jioni nasaidia kuwanoa wapokeaji wa timu ya shule moja hapa jirani. Jambo hili limetuumiza sana huku, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa kirefu.

Msimamo wangu ni kwamba mkongwe anaweza kudaka mipira mingi na timu isisogee popote. Ukitaka kujua kama atakusaidia, achana na yadi zake. Angalia wapinzani wanatuma watu wangapi kumkaba.

Kwa ndugu wanaoufuata mchezo huu kwa mbali: timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kotabeki, yule anayerusha mpira, ana kama sekunde mbili na nusu tu za kuamua, na muda huo anaupata kwa sababu watu watano wa safu ya mbele wanawazuia wapinzani wasimfikie. Nyota aliye kwenye ubora wake anatumiwa watu wawili: beki wa pembeni anamfuata unyo unyo, na beki wa mwisho anakaa nyuma kumsubiri. Hata asipoguswa na mpira, amekwisha kuisaidia timu, maana wenzake wanacheza na ulinzi uliopungukiwa mtu. Ni kama straika anayewavuta mabeki wote wawili wa kati, winga akabaki peke yake. Umri ukianza kula, hicho ndicho kinachoondoka kwanza. Mikono inabaki, akili inabaki, jina linabaki kwenye jezi, ila beki wa mwisho haogopi tena.

Tuanze na nyumbani. Juni 2021 Titans walimchukua Julio Jones kutoka Atlanta, akiwa na miaka 32, na gharama kubwa ilikuwa chaguo la raundi ya pili la mwaka uliofuata, yaani zamu ya kuchagua mchezaji mpya kutoka vyuoni. Mji mzima ulichangamka. Msuli wa nyuma ya paja ukamsumbua msimu wote: akacheza mechi 10, akadaka mipira 31, yadi 434, tachidauni moja (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ndilo bao kubwa la mchezo huu). Timu ilishinda mechi 12, lakini si kwa sababu yake. Machi 2022 wakamwachia, na Aprili wakamuuza A.J. Brown, kijana wa miaka 24, kwenda Philadelphia. Sitasahau siku ile. Yaani tulitoa mali kumpata aliyekuwa anamaliza, kisha tukamuuza aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza.

Halafu 2023 akaja DeAndre Hopkins, miaka 31. Huyu ndiye mfano ninaoupenda, kwa sababu yeye binafsi hakutuangusha hata kidogo. Oktoba 29 dhidi ya Falcons wa Atlanta, siku ambayo timu ilivaa zile jezi za bluu za zamani za Oilers, jina la zamani la timu hii, Will Levis alikuwa anaanza mechi yake ya kwanza kama kotabeki. Akarusha tachidauni nne, tatu zikienda kwa Hopkins, tukashinda 28 kwa 23. Mji ulilala ukiamini kwamba tatizo limekwisha. Mechi iliyofuata, kule Pittsburgh, tulipata pointi 16. Iliyofuata, kule Tampa, pointi 6. Zote tukafungwa.

Mwisho wa msimu Hopkins alikuwa na mipira 75, yadi 1,057 na tachidauni 7. Ukisoma takwimu hizo peke yake utasema usajili ulilipa. Sasa soma za timu: mwaka 2022, kabla yake, Titans walifunga pointi 298 msimu mzima. Mwaka 2023, wakiwa naye, 305. Pointi saba, mechi 17! Na ushindi ukashuka kutoka mechi 7 hadi 6. Kotabeki alikuwa anaangushwa kabla mpokeaji hajamaliza kukata kona, na Hopkins hata angekuwa na miaka 24 asingeweza kumkinga.

Nije kwenye niliyoyaona kwa macho yangu uwanjani. Kwenye ligi yetu ya watu wazima ya flagi, ile ya kunyofoana vitambaa kiunoni badala ya kuangushana, tulimpata jamaa mmoja wa miaka arobaini na kitu aliyewahi kucheza mpira wa chuo. Magoti yalikuwa yamechoka, lakini kichwa kilikuwa kizima. Alikuwa anasimama hasa kwenye uwazi kati ya walinzi wawili, kifua kimeshamgeukia kotabeki kabla mpira haujatoka mkononi. Alitufundisha kutazama nyonga za beki na kuyaacha macho yake, kwa sababu beki anaweza kukudanganya kwa macho lakini nyonga zikishageuka hawezi kurudi upesi. Mwanzoni alituinua kweli. Majaribio ya tatu, yale ya kuhitaji yadi nne au tano, tulikuwa tunamtupia yeye na tunaendelea.

Kisha timu nyingine zikagundua kwamba hawezi kuwapita kwa mbio. Wakamsogeza beki wao wa mwisho mbele, karibu kabisa. Uwanja ukawa mfupi. Mkongwe wetu bado alikuwa anadaka, ila alikuwa anadaka huku amezungukwa, na sisi wengine tulikosa pa kupita, kwa sababu wale waliosogezwa mbele walikuwa wanaziba njia zetu zote. Huo ndio ugonjwa wa timu nyingi zinazoweka mkongwe awe mpokeaji wa kwanza: anapata takwimu zake, na uwanja unawabana wenzake.

Tiba tuliipata kwa kijana mmoja mwepesi wa miguu, aliyekuwa akidondosha mipira hovyo. Kapteni wetu akampanga upande uleule na mkongwe na kumwagiza jambo moja tu, akimbie moja kwa moja hadi mwisho kila mara. Beki wa mwisho akalazimika kurudi nyuma na kijana, mkongwe akapata nafasi chini yake. Kijana hakupewa pasi nyingi, na kwa maoni yangu ndiye aliyetuokoa.

Ukiliona hilo mara moja, utaliona kila mahali. Larry Fitzgerald wa Arizona ndiye kielelezo bora. Kocha Bruce Arians alimtoa pembeni akawa anamchezesha ndani, jirani na safu ya mbele, ambako akili na mwili vinalipa kuliko mbio. Mwaka 2015, akiwa na miaka 32, alidaka mipira 109, yadi 1,215, na timu ikashinda mechi 13. Lakini pembeni yake alikuwepo John Brown, kijana wa kasi, aliyefikisha yadi 1,003 msimu huohuo, na mrushaji alikuwa Carson Palmer aliyekomaa. Rudi tena mwaka 2018: Fitzgerald yuleyule, akili ileile, mikono ileile, kotabeki ni Josh Rosen aliyekuwa ametoka chuo mwaka huohuo. Mipira 69, yadi 734, timu ikashinda mechi 3 tu. Mtu anaweza kusema miaka mitatu ilikuwa imeongezeka, na ni kweli. Ila walioizunguka kazi yake walibadilika zaidi kuliko yeye.

Sasa Moss, maana wengi mmemtumia kama ushahidi wa mwisho. Aprili 2007 Patriots wa New England walimpata kutoka Raiders wa Oakland kwa chaguo la raundi ya nne, akiwa na miaka 30. Akafunga tachidauni 23 kwa kudaka pasi, rekodi ya msimu mmoja ambayo bado ipo, na timu ikafikisha pointi 589. Mnasahau mambo mawili. La kwanza, Patriots hawakuwa timu iliyosuasua: mwaka 2006 walikuwa na pointi 385 na kotabeki Tom Brady, na majira yaleyale waliyomleta Moss walimleta pia Wes Welker, aliyedaka mipira 112. La pili, Moss bado alikuwa na mbio, kwa hiyo mabeki wa mwisho walikuwa wanarudi nyuma kwa hofu. Mwaka mmoja kabla, miguu ileile ilikuwa Oakland kwenye timu iliyoshinda mechi 2 kati ya 16, na yeye akaambulia mipira 42 na yadi 553. Na mwisho wa 2010 alipitia hapa kwetu Nashville: mechi 8, mipira 6, yadi 80. Nilikuwa natazama kila mechi nikisubiri aanze. Hakuanza.

Jerry Rice naye alivuka yadi 1,200 na Raiders mwaka 2002, msimu aliotimiza miaka 40, jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko rekodi zake nyingi za ujana. Lakini Raiders walikuwa wameshinda mechi 12 hata kabla hajafika, kotabeki wao Rich Gannon ndiye alikuwa mchezaji bora wa ligi msimu huo, na upande wa pili alikuwepo mpokeaji mwingine, Tim Brown. Kinyume chake ni Terrell Owens, aliyekwenda Bills wa Buffalo mwaka 2009 akiwa na miaka 35. Kocha wa mashambulizi alifukuzwa siku chache kabla ya mechi ya kwanza, makotabeki wakawa wanabadilishwa, na Bills wakashuka kutoka ushindi 7 hadi 6. Davante Adams ndiyo hivyohivyo: alipofika Jets wa New York Oktoba 2024 alikuwa na yadi 854 na tachidauni 7 ndani ya mechi 11, kazi ya mwanamume kabisa, na timu ikashinda 3 tu kati ya hizo.

Kuna mmoja aliyenifurahisha, nao ni usajili wa Stefon Diggs kwenda New England mwaka 2025. Kocha wa Patriots ni Mike Vrabel. Huyu ni mtu wetu: ndiye aliyekuwa kocha wa Titans kwenye misimu ya Julio na Hopkins, na mwaka 2007 alikuwa mchezaji wa Patriots, kwenye kikosi kimoja na Moss. Kwa hiyo ameyaona yote matatu kwa karibu. Diggs alikuwa na miaka 31 na goti lililofanyiwa upasuaji baada ya kuumia Oktoba 2024. Akamaliza msimu na mipira 85 na yadi 1,013, karibu sawa kabisa na Hopkins wa 2023. Lakini timu ilitoka ushindi 4 hadi 14.

Tofauti iko wapi, wakati takwimu za mpokeaji zinafanana hivyo? Patriots waliijenga upya safu ya mbele kwanza: wakamchukua Will Campbell kwenye raundi ya kwanza kwa upande wa kushoto na kumsajili Morgan Moses kwa upande wa kulia. Drake Maye alikuwa kotabeki wa mwaka wa pili anayejua kukimbia na kurusha mbali. Josh McDaniels akarudi kupanga mashambulizi. Diggs akaja juu ya hayo, akampa kijana mahali pa kutupa mpira jaribio la tatu linapobana. Hapo mkongwe ana thamani kubwa, na sitaki mtu aondoke akidhani nawadharau. Kotabeki mchanga anayejua kwamba kuna mtu atakuwa mahali palepale, kwa wakati uleule, kila mara, anajifunza kurusha kabla ya kuona. Vijana ninaowafundisha huwa wanachukua muda mrefu kulielewa hilo, na wanalielewa upesi zaidi wakimwona mtu mzima akilifanya.

Kwa hiyo, mleta mada, swali lako lina majibu tofauti kwa timu tofauti, na hukututajia yako ni ipi. Tuambie nani anacheza kushoto na kulia mwa safu ya mbele, kotabeki ana mwaka wa ngapi, na kama kuna kijana yeyote wa mbio anayeweza kumrudisha beki wa mwisho nyuma. Na huyo mkongwe mwenyewe, amekosa mechi ngapi kwa misuli ya paja katika misimu miwili iliyopita? Nipe hayo manne nikujibu moja kwa moja.