Maiki ya Mfokaji: Kwa Nyinyi Mnaoanza Kurekodi Roki Mwanza

Faili huwa ni lile lile, anayebadilika ni mwenye nalo. Linaingia WhatsApp saa tano usiku: gitaa safi, ngoma safi, halafu sauti ya mwimbaji inakwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Chini yake swali: "Kaka, hapa nikate wapi kwenye ikyu?" Yaani apunguze toni zipi. Ngosha, hakuna pa kukata. Sauti hiyo iliharibika kabla haijaingia kwenye kompyuta, na kompyuta haina dawa yake.

Mji wenyewe unaitwa Rock City kwa sababu ya mawe, si kwa sababu ya magitaa, kwa hiyo wengi wenu kazi mmejifunzia kwenye Bongo Fleva na kwaya. Huko mwimbaji anasimama shubiri moja kutoka kwenye kondensa, ile maiki ya studio inayotumia umeme, na kuimba kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Mkiyahamishia mazoea hayo kwa mfokaji, yaani mwimbaji wa roki anayepiga makelele na kuunguruma, yanawaponza.

1. Mjue mwimbaji kabla ya kuulizia bei ya maiki. Wapo wanaofoka kwa kifua kama mpiga debe wa Nyegezi anayemtafuta abiria wa mwisho wa Shinyanga. Hao wana nguvu kweli. Sentimita 3 kutoka mdomoni unaweza kukuta desibeli 120 na ushei. Lakini wapo wanaounguruma kwa mikunjo ya juu ya koo, na wengine wanaokwaruza kwa nyuzi za sauti zilizobanwa. Wa namna hiyo, wakiwa wamefundishwa vizuri, hawana kelele kuliko watu wawili wanaobishania mpira kibarazani. Ukubwa mnaousikia kwenye rekodi zao umeletwa na ukaribu wa maiki pamoja na kompresa, kile kifaa cha kusawazisha sauti kubwa na ndogo. Kwa hiyo msipime kwa "testi moja mbili". Mwambieni aimbe kipande kikali kuliko vyote, mara tatu, kisha achieni desibeli 6 za ziada, kwa sababu biti ikiingia ataongeza tu.

2. Msiamini geini, yaani kitufe cha kukuza sauti kwenye kadi ya sauti, ile inayounganisha maiki na kompyuta. Hapa tuungame kwa pamoja, maana fundi ambaye hajalifanya kosa hili bado hajarekodi roki.

Linaanza na kondensa ya kapsuli (kidaka sauti) kubwa, inayong'aa, iliyotengenezwa ifanane na Neumann U87, maiki maarufu ya studio. Unaifunga, unawasha volti 48 za kuilisha, mwimbaji anafoka, taa nyekundu inawaka. Unapunguza geini. Taa inazimika, mawimbi yanacheza kwenye desibeli hasi 14, unajipongeza. Mnarekodi masaa matatu. Gitaa likiwa limejaa kwenye hedfoni, ule mkwaruzo unasikika kama ladha, na mwimbaji mwenyewe anausifia. Kesho yake unazima gitaa, unasikiliza sauti peke yake: kila neno lenye nguvu lina upele. Unavuta mawimbi karibu. Ni madogo, hayajagusa dari, lakini vichwa vyake ni bapa kama vimepitiwa na panga. Unampigia mwimbaji mrudie. Aliyefoka masaa matatu jana leo anaongea kwa ishara, au ameshapanda meli kurudi Bukoba.

Kilichotokea ni kwamba kondensa ina kikuza sauti chake ndani, kabla ya waya. U87 halisi, ya pesa ya kiwanja, mwisho wake ni desibeli 117 bila swichi ya kupunguza. Ukibonyeza swichi ya hasi 10 inafika 127. Mtu akifoka kwa 124, umeme wa ndani umeshafika ukingoni, na geini ya kadi inapunguza ukubwa wa kitu kilichokwisha kupasuka. Ukimwaga nusu ya uji ulioungua, nusu iliyobaki bado imeungua.

Na hata maiki ikistahimili, kuna mlango wa kadi. Kondensa inayotoa milivolti 25 kwa paskali moja (kipimo cha shinikizo la sauti), ikipigwa desibeli 124, inatoa karibu volti 0.8. SM58, maiki ya dainamiki isiyo na kikuza sauti ndani, mahali hapo hapo inatoa kama milivolti 58. Mlango wa maiki wa kadi ya Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu unapokea mpaka +9 dBu, yaani volti 2.2 hivi. Mfokaji akisogea akaongeza desibeli 10, kondensa imeshaupita, na SM58 haijafika hata robo volti.

Kutambua kilichopasuka ni kazi ya dakika mbili: shusheni geini mpaka mwisho. Sauti ikiendelea kukwaruza, bonyezeni pedi, ile swichi ya kupunguza, iliyo kwenye maiki, si ile ya kwenye kadi, maana pedi ya kadi inakuja baada ya ajali. Kama maiki haina pedi, na nyingi za bei ya chini hazina, mrudisheni mwimbaji nyuma. Umbali ukiongezeka mara mbili mnapata nafuu ya desibeli 6 hivi, ila chumba nacho kinaingia kwenye rekodi. Kwenye karatasi ya maiki tafuteni kiwango cha juu cha sauti inachostahimili. Kisipoandikwa, wekeni pesa mfukoni.

3. Basi anzeni na dainamiki. SM58 ipo tangu 1966 na bado inalisha watu. SM57 ni ndugu yake, ila bila kichwa cha wavu inataka kichuja pumzi mbele yake. SM7B ina swichi mbili mgongoni, ya kupunguza besi na ya kuinua sauti ya kati ya juu. Kwa mfokaji mwenye besi nyingi washeni ya kwanza, ya pili iacheni. RE20 hainenepi besi mwimbaji akiisogelea, kwa hiyo inamfaa asiyeweza kutulia. Bei ya SM7B inanunua SM58 tatu na nauli inabaki.

Kuhusu vile vikuza sauti vidogo kama Cloudlifter, ambavyo kila mtu anaambiwa SM7B haifanyi kazi bila hivyo: SM7B inataka geini ya desibeli 60 hivi kwa mtu anayeongea. Kwa anayefoka desibeli 124, inatoa kama milivolti 35, na geini ya desibeli 30 inatosha. Kumwekea huyo kikuza sauti ni kumnunulia sato mwavuli. Kwa yule wa mkwaruzo mdogo, sawa, kinaweza kuhitajika. Ndiyo maana mwimbaji alitangulia namba moja.

4. SM58 bandia zimejaa. Ya kweli ina gramu 298. Pelekeni kwa sonara, mizani ya dagaa ya Mwaloni haitawasaidia.

5. Trei za mayai hazizuii kitu. Zinapunguza kidogo sauti za juu tu, na kile kishindo cha katikati, hertzi 200 mpaka 500, kinabaki palepale kama mnarekodi ndani ya debe. Mablanketi mazito mawili mawili, yaning'inie sentimita 10 kutoka ukutani, tena nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maiki inatazama huko. Msimfungie kabatini. Kuhusu mvua juu ya bati hakuna blanketi la kutosha. Machi mpaka Mei pangeni kazi za gitaa linalochomekwa kwenye kadi moja kwa moja, bila maiki.

6. Asiikumbatie maiki. Wanaiga jukwaani: viganja vinazunguka wavu, matundu ya nyuma ya kapsuli yanazibwa, na maiki iliyotakiwa kusikia mbele inaanza kusikia kila upande, katikati ikivimba na juu kufifia. Ashike mpini, au afungiwe standi na apewe SM58 nyingine isiyochomekwa popote aiminye atakavyo. Msicheke, kuna watu hawawezi kufoka mikono mitupu.

7. Rekodini kwa biti 24, kilele kwenye desibeli hasi 12, kichuja pumzi, umbali wa vidole vinne.

8. Mkisikia mvumo wa hertzi 50, chomoeni chaja ya kompyuta kabla ya kuilaumu TANESCO.

9. Baada ya kazi fungueni wavu wa SM58. Mate ya mfokaji, na unyevu huu wa ziwani, vinaifanya sponji ya ndani inuke na sauti za juu zizibe. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, kisha iachwe mpaka ikauke kabisa ndipo irudishwe. Kondensa haioshwi, inalala kwenye kopo lenye mfuniko na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Na anayefuata kuimba aletewe wavu mkavu, siyo ule ambao mwenzake ametoka kuutemea.